Diski Kutoka Salgaa

Sweta ya kumi na moja ilitoka kwenye mashine ikiwa na jina ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameliagiza.

Winrose aliitoa kwenye fremu, akaisogeza karibu na dirisha. Ilikuwa sweta ya kijani ya mtoto wa darasa la tatu hivi. Kifuani, mahali palipopaswa kuandikwa MERCELINE, uzi wa manjano ulikuwa umeandika JOSPHAT MULI. Herufi zilikuwa safi kabisa. Hakuna uzi uliokatika wala shono lililoruka. Alipitisha kidole kwenye orodha ya shule, kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. Watoto themanini na sita, na hakuna Josphat hata mmoja.

"Boss, kuja uone hii," aliita.

Nimesh alitoka nyuma ya kaunta, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Duka lile la sare za shule aliachiwa na baba yake, na Winrose alikuwa ameshona humo miaka tisa. Aliitazama ile sweta, kisha akainusa.

"Nani amechoma kitu hapa?"

"Hakuna mtu amechoma kitu, boss."

"Iko harufu. Kama breki ya lori, ile imeshuka mlima mrefu." Akamrudishia. "Fumua, shona ingine. Wewe umechoka. Nchi yote imechoka."

Ilikuwa Februari ya mwaka 2008, na kweli watu walikuwa wamechoka. Nakuru ilikuwa imeona moshi wa vurugu za uchaguzi Januari yote. Kulikuwa na kafyu, maduka yalifungwa jua likiwa bado juu, na shule zilizochelewa kufunguliwa zilipokea watoto waliofika mikono mitupu. Shule moja ya bweni upande wa Subukia ndiyo iliyoleta oda hiyo. Watoto wake walikuwa wametoka kila pembe, nguo zao zilichanganyika kila siku, na mwalimu mkuu alitaka kila mmoja awe na jina lake kifuani.

Majina yalishonwa na mashine ya kudarizi, na mashine iliongozwa na kompyuta kuukuu ambayo plastiki yake ilikuwa imegeuka rangi ya meno ya mvuta sigara. Ilitumia Windows 98. Kuibadilisha hakukuwezekana, maana programu ya kudarizi haikukubali Windows nyingine yoyote, na waliotengeneza mashine ile walishafunga kazi zamani. Mwezi Januari stima zilipotea, zikarudi kwa kishindo, na diski ya kompyuta ikafa. Iligonga tak, tak, tak kama mtu anayebisha mlango kwa kucha, halafu ikanyamaza.

Aliyeifufua alikuwa fundi mmoja aitwaye Kinyanjui, baba wa watoto watatu, ambaye kibanda chake kilikuwa kimefungwa tangu vurugu zianze, kwa hiyo alizunguka mjini na vifaa vyake mgongoni. Wiki zile watu wa kabila lake na watu wa kabila la Winrose walipishana barabarani bila kutazamana. Kinyanjui alikuja tu, akasalimia, akapiga magoti chini ya meza.

"Shida ni moja, Mama Chep," alisema. "Siku hizi hakuna diski ndogo. Hii niko nayo ni ya giga mia moja na sitini, na hii kompyuta yenu haijui namba kubwa hivyo. Ikiiona, inaganda hapo hapo mwanzo. Haiwaki."

"Sasa tufanye nini?"

"Tunaidanganya." Alimwonyesha kipini kidogo cha plastiki kilichokaa nyuma ya diski. "Hii inaitwa jampa. Nikiiweka hapa, diski yenyewe inajifanya ni ndogo. Inasema iko na giga thelathini na mbili peke yake. Kompyuta inafurahi, inawaka."

"Na hizo zingine zinaenda wapi?"

"Haziendi mahali. Ziko tu huko nyuma, lakini hazionekani."

"Ziko na nini ndani?"

Kinyanjui aliinua mabega. Diski alikuwa ameinunua Salgaa, kituo cha malori kwenye barabara kuu, kwa dereva wa lori aliyekuwa akiuza kompyuta iliyotoka kwenye loji fulani. "Na chochote kilikuwa huko. Mimi nimefuta tu hapa mbele, penye mtatumia. Kitu hakionekani kitasumbua nani?"

Kompyuta iliwaka. Kinyanjui alimwambia Winrose aandike neno lolote wajaribu. Winrose aliandika kwa vidole viwili neno lililokuwa karibu zaidi na moyo wake, CHEPTANUI, jina la binti yake wa miaka saba. Sindano ilishuka, ikacheza juu ya kipande cha kitambaa, na jina likatokea, zuri, la manjano. Winrose alicheka kwa mara ya kwanza mwezi ule. Jioni alikipeleka kile kitambaa nyumbani, mtaa wa Shabab, na mtoto akalala nacho mkononi.

Baada ya Josphat Muli alikuja Hellen Akoth. Siku iliyofuata akaja Abdi Farah, na baada yake Rodah Nekesa. Winrose alifumua kila jina, na kila siku likaja jingine, daima wakati ule ule, saa saba mchana, jua likiwa limesimama wima juu ya mabati na wateja wamekwenda kula. Kwanza ilikuja harufu, ile harufu ya breki zilizoungua. Halafu ndani ya kompyuta diski ilianza kusugua polepole, kwa muda mrefu, kama inatafuta kitu mbali sana. Halafu sindano ilishuka.

Siku ya tano Nimesh, akidhani kuna mtu anayewachezea, alikaa amngoje. Hakuna sweta iliyowekwa, hakuna jina lililoandikwa, kioo cha kompyuta kilikuwa kitupu. Saa saba ilipofika sindano ilianza kudunga fremu tupu. Nimesh aliruka akachomoa waya ukutani. Taa za mashine zilizimika, feni ya kompyuta ikapunguza mlio hadi ikanyamaza, na katika ule ukimya wa adhuhuri, mbele ya macho yao wawili, sindano isiyo na umeme iliendelea kupanda na kushuka, bila haraka, mpaka ilipomaliza herufi sita zilizokuwa zimebaki.

Nimesh alikuwa bado ameshika waya. "Winrose," alinong'ona. "Nani iko ndani ya hii kitu?"

Winrose hakuwa na nafasi ya kutafuta jibu, kwa sababu tangu juzi yake alikuwa na jambo lingine lililomkosesha usingizi.

Cheptanui alikuwa ameacha kuitika. Mwanzoni mama yake alidhani ni utoto tu, kwamba amezama kwenye mchezo. Alimwita mara moja, mara mbili, na mtoto aligeuka taratibu akamtazama kama unavyomtazama mtu aliyekosea nyumba. Siku iliyofuata hakugeuka kabisa. Ya tatu alilala akitoka shule, na asubuhi hakuamka. Macho yalikuwa wazi, pumzi ilikuwepo, mwili haukuwa na joto. Hospitalini daktari alimpima damu, akammulika machoni kwa tochi, akapima tena. "Mama, huyu mtoto hana ugonjwa ninaouona," alisema, na ilidhihirika kwamba hakupenda kulisema. Winrose alimbeba akamrudisha nyumbani, akamlaza, akainama kumfunika, na hapo ndipo alipoona kwamba midomo ya mtoto inacheza. Alisogeza sikio. Binti yake alikuwa akitamka herufi, moja moja, kwa mwendo ule ule wa sindano, J, O, S, P, H, A, T, kisha anapumzika kama mtu anayekata uzi, kisha H, E, L, L, E, N, majina yote ambayo mama yake alikuwa ameyafumua dukani kwa mkono wake na ambayo hakuwahi kumtajia mtoto hata moja.

Alimwachia jirani amwangalie, akakimbia hadi dukani.

Kinyanjui aliitwa, akaja siku hiyo hiyo na kompyuta yake mwenyewe, ya kisasa zaidi, iliyoweza kuiona diski nzima. Aliitoa diski kwenye ile kuukuu, akakivuta kile kipini cha plastiki, akaunganisha nyaya. Nimesh alifunga mlango wa duka kwa komeo. Walisimama nyuma ya fundi wakitazama kioo.

"Hapa ndipo penye nyinyi mnatumia," Kinyanjui alisema, akionyesha. "Na hapa ni huko nyuma." Akakaribia kioo. "Pamejaa."

"Imejaa nini?" Nimesh aliuliza.

Lilikuwa faili moja tu. Kitabu cha wageni cha loji: jina, siku ya kufika, namba ya chumba, saa ya kuondoka. Kinyanjui alishuka nalo, akashuka, akashuka. Josphat Muli, chumba cha tatu. Hellen Akoth, chumba cha tano. Abdi Farah. Rodah Nekesa. Kila mmoja alilala usiku mmoja akaondoka. Kinyanjui alitoa simu, akatoka uani kuzungumza na yule dereva aliyemuuzia. Aliporudi alikuwa ameloa jasho.

"Anasema mwenye loji aliitwa Micah. Biashara yake ilishika ghafla sana, watu wakashangaa. Lakini kuna wageni wengine walikuwa wakilala pale, wakitoka asubuhi, hawafiki wanakoenda. Lori linakatika breki. Gari linaacha barabara mchana peupe. Watu wakaanza kusema Micah amefuga kitu, na hicho kitu anakilipa kwa majina ya wageni. Mwisho naye akapotea." Alikaa chini. "Dereva anasema ningemuuliza mapema angeniambia."

Aliendelea kushuka na faili. Jina la Micah lilikuwepo, na saa yake ya kuondoka. Na chini ya Micah, mahali kitabu kilipopaswa kuisha, palikuwa na mstari mwingine.

CHEPTANUI. Siku ya kufika ilikuwa ile siku Winrose alipojaribu mashine. Chumba cha tisa. Kuondoka: kesho, saa saba mchana.

Chini yake yalifuatana majina ya watoto wa Subukia, wote themanini na sita, bado bila chumba.

Winrose aliweka kidole juu ya kioo. "Futa," alisema. "Kinyanjui, futa huo mstari."

Kinyanjui alifuta. Alifunga faili, akafungua tena, na mstari ulikuwa pale pale. Alifuta mara nne. Mara ya tano aliondoa mikono mezani.

Nimesh ndiye aliyemtaja Bi Sauda. Alikuwa mama mzee wa Bondeni aliyeleta kofia na kanzu za wajukuu zidariziwe tangu enzi za baba yake Nimesh, na wagonjwa wa namna ile, Waislamu kwa Wakristo, walipelekwa kwake kimya kimya kupitia mlango wa nyuma. "Mimi nitaenda kumleta," alisema. "Asubuhi, kafyu ikiisha tu. Winrose, lete mtoto hapa."

Saa tatu asubuhi Winrose aliingia na mtoto mgongoni, akamlaza juu ya majora ya kitambaa cha sare. Bi Sauda alifika muda mfupi baadaye, mfupi, mweusi, amejifunga leso mbili. Alisimama mlangoni pua zikitanuka.

"Mmemkaribisha nani humu?" alisema.

Walimweleza. Alisikiliza yote, hata ya jampa na giga, akamwuliza Kinyanjui maswali mawili matatu kama mtu anayeulizia nyumba ina vyumba vingapi. Kisha akaagiza diski irudishwe kwenye kompyuta yake kuukuu, na kitambaa cheupe kifungwe kwenye fremu. Alivuta kigoda, akaketi mbele ya mashine, akasoma kwa sauti ya chini kwa muda mrefu. Nje mtu alikuwa akiuza mahindi ya kuchoma. Ndani ile harufu iliingia taratibu, nzito, hadi ikawa kama wamesimama kando ya gurudumu linalofuka.

"Wewe ni nani?" Bi Sauda aliuliza.

Diski ilisugua. Sindano ikashuka. MGENI.

"Nani alikukaribisha?"

MICAH.

"Alikuahidi nini?"

MAJINA.

"Micah amekwisha. Ahadi imekwisha. Mtoto huyu unamdai nini?"

ALIANDIKWA.

"Na nani?"

Winrose alikuwa tayari amejua, tangu jana alijua, lakini kujua na kuona ni vitu viwili, na alipoona sindano ikishona taratibu, bila kukosea, herufi baada ya herufi, MAMA YAKE, aliketi sakafuni.

Bi Sauda hakugeuka. "Aliandika bila kujua kuna anayesoma. Hakukupa. Utatoka?"

Sindano ilikaa juu, ikining'inia. Kisha ikashuka.

NA JINA.

"Basi." Bi Sauda alimgeukia Winrose, na sauti yake ikalainika. "Sikiliza, mwanangu. Hawa hawatoki mikono mitupu. Ameshalimeza jina, na mtoto kashikwa kwa jina hilo. Jina halirudi. Ukitaka mtoto, mwachie jina."

"Nimwachie vipi?"

"Usimwite tena. Si leo, si mwakani, si akiwa mkubwa. Ukilitaja hilo jina, umemwita huyu wa kwenye mashine, si binti yako. Nyumba yake, hiyo diski, itafutwa, na yule fundi ndiye atakayeifuta. Lakini kabla haijamalizika mtoto awe na jina lingine, la kwake, lililomkubali. Asipokuwa nalo, atatoka pamoja naye."

"Na wale watoto wa Subukia?"

"Hao bado hawajapokelewa. Nyumba ikifutwa, wamepona."

Kinyanjui alihamisha diski tena hadi kwenye kompyuta yake, iliyounganishwa na betri ya akiba. Alieleza kwa ufupi: programu ingeandika sifuri juu ya kila nafasi, kuanzia mwisho ule usioonekana kurudi mbele, isibaki hata chembe. Ingechukua saa mbili na zaidi. Ilikuwa saa nne na nusu. Hesabu ilianza kupanda kwenye kioo, moja, mbili, tatu kwa mia, na Bi Sauda akaanza kusoma upya.

Winrose alipiga magoti kando ya mtoto. Kwao, zamani, mtoto aliitiwa majina ya wazee waliokufa, moja baada ya jingine, mpaka apige chafya. Jina la chafya ndilo lililomkubali. Alikuwa ameona mama yake akifanya hivyo kwa watoto wa ndugu zake. Alimshika binti yake mkono, akaanza kuwaita bibi za ukoo wote aliowakumbuka.

"Taprandich. Tapsubei. Tabutany."

Mtoto hakutikisika. Midomo yake iliendelea na herufi zake. Winrose alirudia, akaongeza bibi wa upande wa baba, akaongeza wale aliowasikia tu kwenye masimulizi. Hesabu ilifika arobaini, ikafika sitini. Nimesh alikuwa amesimama kando ya mlango, ameshika picha ndogo ya mungu wake iliyokaa siku zote juu ya kaunta, akisema maneno yake mwenyewe.

Saa sita na nusu, hesabu ikiwa themanini na tisa, stima zilipotea.

Duka lilikuwa na mwanga wa dirisha tu. Betri ya akiba ya Kinyanjui ilianza kulia, pii, pii, na kioo kikabaki kikiwaka. "Iko na dakika ishirini," alisema kwa sauti kavu. "Labda ishirini na tano. Imezeeka."

Tisini na moja. Tisini na mbili. Na hapo, bila onyo, ile minong'ono ya herufi ikakoma, mtoto akageuza kichwa, akamtazama mama yake kwa macho yaliyojaa machozi, macho yake yale yale.

"Mama."

Winrose alimwinamia. "Mama yuko hapa."

"Mama, mbona huniiti? Niite."

"Niko hapa, mtoto wangu, niko—"

"Usiseme mtoto. Niite jina langu. Ni giza huku, mama, kuna milango mingi, sijui ni upi. Ukiniita nitakuja. Si unalijua jina langu? Wewe ndiye uliniandika."

"Mwanangu!" Bi Sauda alipaza sauti bila kuacha kusoma. "Usimjibu huyo!"

Lakini ilikuwa sauti yake, na ule mkono mdogo ulikuwa umebana vidole vyake kama ulivyobana siku aliyozaliwa, na jina lilikuwa limemjia Winrose mdomoni peke yake, lilikuwa limefika kwenye ulimi, jina alilolisema mara elfu moja kwa siku kwa miaka saba, akimwita ale, akimwita aoge, akimwita arudi ndani, na akajua kwamba akipumua tu litatoka, hivyo aliinama akang'ata mkono wa sweta yake mwenyewe, akaung'ata hadi akasikia ladha ya sufu na damu, huku mtoto akimlilia niite, mama, niite, wananifungia, na betri ikilia kwa haraka zaidi, na harufu ya breki ikijaa dukani mpaka akaona dirisha likififia.

Kisha alitoa mdomo kwenye sufu, akaita kwa sauti kubwa jina la bibi aliyekuwa amemsahau kabisa, yule wa mwisho, aliyefia milimani kabla yeye hajazaliwa.

"Tapkigen!"

Mtoto alipiga chafya.

Ilikuwa chafya ndogo, ya kawaida. Alipiga nyingine. Akaketi juu ya majora, akafuta pua kwa kiganja, akatazama watu wazima wote wanne waliokuwa wakimtazama.

"Nina njaa," alisema.

"Mia," alinong'ona Kinyanjui, na kioo kikazima.

Harufu iliondoka kama mlango umefunguliwa. Saa ya ukutani ilionyesha dakika tano kabla ya saa saba. Nimesh aliketi sakafuni, akaweka uso mikononi. Kinyanjui aliipeleka diski uani, akaivunja kwa nyundo hadi ikawa vipande vya kung'aa, akarudi kumwomba Winrose msamaha, na Winrose alimshika mkono akautikisa.

Oda ya Subukia ilikwenda bila majina. Nimesh alimwambia mwalimu mkuu kwamba mashine imekufa, na siku hiyo hiyo akaiuza kama vyuma chakavu. Winrose alibadilisha kila kitu. Aliwaambia majirani, aliwaambia watu wa kanisa, kwamba mtoto amepewa jina la bibi na asiitwe lingine. Binti hakukumbuka chochote cha siku zile. Alikula, alikua, aligombana na wenzake, na mama yake aliomba kila jioni kwa shukrani. Jambo moja tu alimfundisha kwa ukali, akamfanya alirudie mpaka alishike: mtu akikuita lile jina la zamani, nyamaza.

Muhula wa pili ulipofunguliwa, mwezi wa Mei, alimsindikiza hadi darasani. Walimu wengi walikuwa wamehamishwa; darasa la pili lilikuwa na mwalimu mgeni, mwalimu Zeddy, mama mwenye miwani aliyekuwa ameshaanza kuita majina kutoka kwenye daftari la mwaka uliopita. Winrose alimwona binti yake akiketi dawati la mbele, akampungia mkono, akageuka kwenda. Alikuwa hajapiga hatua ya tatu aliposikia, kupitia dirishani, mwalimu akisoma:

"Cheptanui."

Winrose alirudi mbio hadi mlangoni. Binti yake aliketi wima, midomo imebanwa, macho yametazama dawati, kama alivyofundishwa. Mtoto mwema.

Na kutoka nyuma kabisa ya darasa, kwenye dawati ambalo hapakuwa na mtu, sauti ya msichana mdogo iliitika kwa adabu:

"Niko, mwalimu."

Mwalimu Zeddy, bila kuinua macho, akaweka alama kwenye daftari, akaendelea na jina lililofuata.